Huyu Ibsen aliyemtetea Nora, mbona alimkimbia mwanae wa kwanza?

Msomaji wa Usiku:

Wakuu salaam. Naomba wenye kujua habari za waandishi wanisaidie maana nimekwama na sijui nicheke au nikasirike. Wiki hii nimemaliza kusoma ule mchezo wa Henrik Ibsen, A Doll's House, ambao Kenya ulikuwa seti buku ya sekondari miaka ya karibuni kwa hiyo najua humu wapo waliokaririshwa mpaka wakauchukia. Mimi nimeusoma kwa hiari yangu, mtu mzima na familia, na ule mwisho pale Nora anamrudishia mumewe Torvald pete yake, anamdai na ile ya kwake, anatoka, halafu unasikia tu mlango wa chini unafungwa, basi. Nilikaa na kitabu mapajani kama robo saa hivi mpaka mke wangu akaniuliza vipi, kuna msiba?

Sasa nikasema ngoja nimjue huyu mzee. Nikasoma, Mnorwei, kazaliwa Skien tarehe 20 Machi 1828, kafa 1906, baba wa tamthilia ya kisasa, sawa, naenda vizuri. Nikafika mahali naambiwa eti akiwa na miaka 18 alizaa na mfanyakazi wa ndani, mtoto wa kiume, na hakuwahi kumlea hata siku moja. Hapo nikaweka simu chini. Yaani mtu anayetufundisha kwamba mwanamke si mwanasesere wa kuchezewa, mwenyewe kamchezea dada wa watu akasepa?

Kwa hiyo naomba kujua, hii habari ni kweli au ni umbea wa mitandaoni, na familia yake aliyoijenga baadaye ilikuwaje, mke watoto wajukuu wako wapi, na Wanorwei wenyewe wanamchukuliaje. Msinitukane tafadhali, nauliza tu.

Kabwela Mstaafu:

Mkuu si umbea, ni kweli, ila ukiisikia nusu nusu utamhukumu vibaya au utamsamehe haraka, yote mawili ni makosa.

Anza na baba yake. Knud Ibsen alikuwa mfanyabiashara mwenye jina pale Skien, nyumba kubwa, wageni kila siku, meza haikosi kitu. Mama yake Marichen Altenburg naye katoka kwenye familia ya pesa. Henrik alipofika miaka saba hivi biashara ikaanguka, vitu vikauzwa, mwaka 1835 wakahamia shamba la Venstøp nje ya mji, na wale waliokuwa wanakula kwao wakawa hawapajui. Baba akawa mtu wa chupa na maneno makali. Sasa weka hiyo akilini halafu rudi kwenye mchezo wako uone mkopo, noti ya deni, aibu ya kufilisika, watu wanaongea nini huko nje. Huyo jamaa hakuokota hayo kwenye gazeti, alikulia ndani yake.

Akiwa na miaka 15 hivi akapelekwa Grimstad, kamji ka pwani, kuwa mwanafunzi kwenye duka la dawa. Mshahara hakuna wa maana, chumba cha kubanana, usiku anasoma na kuandika mashairi. Humo humo nyumbani kwa bosi kulikuwa na mfanyakazi, Else Sophie Jensdatter, amemzidi miaka kumi. Oktoba 1846 akazaliwa mtoto, Hans Jacob Henriksen. Ona hilo jina la mwisho, Henriksen, maana yake mwana wa Henrik, kila akiitwa anatangaza baba yake ni nani. Kijana wa miaka 18, hana senti, kaamriwa alipe matunzo kwa miaka kama kumi na nne, na akalipa, kwa kuchelewa na kwa shida lakini akalipa. Ila kumlea hapana. Yule mama alirudi kwao na mtoto akaishi maisha ya dhiki mpaka mwisho, na mtoto mwenyewe akawa fundi chuma, naye akafa maskini mwaka 1916, miaka kumi baada ya baba yake kuzikwa kwa heshima ya kitaifa.

Na kuna kitu kinachoniumiza zaidi, huyu Else Sophie hakuwa mtu wa hivi hivi, babu yake ni Christian Lofthuus, yule aliyeongoza wakulima kupinga maofisa wa mfalme wa Denmark miaka ya 1780 akafia kifungoni. Ukoo wa wapiganaji ukaishia kufua nguo za muuza dawa.

Na hakumkimbia mtoto tu, aliwakimbia wote. Mwaka 1850 alipita Skien kuwaaga wazazi, na baada ya hapo hakukaa nao tena. Mama kafa 1869, baba 1877, barua zenyewe za kuhesabu, nyingi kwa dada yake Hedvig. Kwa hiyo mkuu ukiuliza kwa nini alimkimbia mwanae, mimi naona alikuwa anakimbia nyumba. Nyumba yoyote.

chizi wa zamu:

Kwa kifupi alikuwa anaandika usiku anayoyakwepa mchana 😂 Wapo wengi humu hawajaandika hata barua moja na matunzo hawatoi, angalau mzee alilipa.

Mama Kurasa:

Chizi wewe nyamaza kidogo watu wanaongea.

Kaka Msomaji, umeuliza kuhusu Else Sophie na ni sawa kabisa, lakini mwanamke ambaye mimi nataka umjue ni mwingine, anaitwa Laura Kieler, kwa sababu huyo ndiye Nora mwenyewe, Nora wa nyama na damu.

Laura alikuwa binti mdogo mwandishi, mwaka 1869 akaandika kitabu cha kuendeleza mchezo wa Ibsen uitwao Brand, akamtumia, Ibsen akampenda kama mwanafunzi wake wa uandishi, akawa anamwita lark, ndege mdogo anayeimba. Umeona neno hilo? Rudi ukurasa wa kwanza kabisa, Torvald anavyomwita mkewe akiwa chumbani. Sasa mume wa Laura akaugua kifua kikuu, daktari akasema apelekwe nchi ya joto, pesa hakuna na mume hataki kusikia neno mkopo, basi Laura akakopa kwa siri akampeleka Italia, mume akapona. Deni likaiva. Mwaka 1878 akamtumia Ibsen muswada akimwomba amsemee kwa mchapishaji ili apate pesa za kulipa, Ibsen akausoma akaona haufai, akakataa, akamwambia amweleze mume wake kila kitu. Laura kwa kuchanganyikiwa akaghushi hati, ikajulikana, mume akamjia juu kwamba si mama wa kulea watoto, na akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili kama mwezi mmoja. Mwaka uliofuata, Ibsen yuko Amalfi huko Italia kwenye hoteli anaandika mchezo kuhusu mwanamke aliyekopa kwa siri kumwokoa mume akaghushi sahihi.

Hakumwomba ruhusa. Kitabu kimetoka Desemba 1879, nakala 8,000 zimeisha ndani ya mwezi, na Laura kwa miaka mingi aliyobakiza watu walikuwa wanamnyooshea kidole, Nora huyooo. Na Laura wa kweli hakufunga mlango akaondoka, alirudi kwa mume yule yule kwa ajili ya watoto. Mimi hapa ndipo ninapomkasirikia huyu mzee kuliko pale kwa muuza dawa, kwa sababu pale Grimstad alikuwa mtoto, huku alikuwa mtu wa miaka 51 anajua anachofanya.

Lakini pia (msidhani nimemaliza) nampa haki yake kwenye kitu kimoja. Ujerumani kulikuwa na mwigizaji mkubwa, Hedwig Niemann-Raabe, akagoma kuigiza ule mwisho, akasema yeye hawezi kuacha watoto wake. Sheria za hakimiliki za siku hizo zilikuwa hazimlindi Ibsen huko, angekataa angetokea mtu mwingine akaubadilisha anavyotaka, kwa hiyo akaandika mwenyewe mwisho mwingine, Torvald anamvuta Nora mpaka mlangoni kwa watoto waliolala, miguu inamwisha nguvu anabaki. Halafu akatangaza hadharani kwamba huo mwisho ni ukatili wa kishenzi dhidi ya mchezo wake na anayeutumia anautumia bila ridhaa yake. Kwa hiyo alijua. Alijua kabisa Nora akibaki hakuna mchezo.

Na kingine, mnaomwita mtetezi wa wanawake, mwenyewe alikataa. Mwaka 1898 chama cha kutetea haki za wanawake Norwei kilimfanyia karamu, wakamsifia wee, akasimama akawaambia hajui hata hizo haki za wanawake ni kitu gani hasa, yeye kazi yake ilikuwa kueleza habari za binadamu. Fikiria wenyeji walivyobaki na glasi mkononi.

Kabwela Mstaafu:

Hapo kwa Laura dada umenikumbusha tarehe. Krogstad, yule aliyemkopesha Nora pesa kwenye mchezo, anavyomkamata, baba yake Nora kafa Septemba 29, sahihi yake kwenye hati imeandikwa Oktoba 2. Marehemu kasaini siku tatu baada ya kufa. Kila nikifika hapo nacheka halafu nanyamaza.

Mpiga Zeze:

Mimi nijibu ile ya mke na wajukuu maana wote mmeiruka.

Mke ni Suzannah Thoresen, wameoana 1858 Bergen, binti wa mchungaji, mama yake wa kambo Magdalene Thoresen naye mwandishi. Suzannah ndiye aliyekuwa anamsukuma akae mezani. Kipindi hicho Ibsen hana kitu, ukumbi aliokuwa anaufanyia kazi Christiania (ndiyo Oslo ya leo) umefilisika, madeni, pombe, mpaka 1864 wakaondoka kwenda Italia kwa msaada mdogo wa serikali na pesa alizochangisha rafiki yake Bjørnstjerne Bjørnson. Walisema safari fupi, wakakaa nje miaka 27, Roma, Dresden, Munich. Michezo karibu yote mnayoijua kaiandikia huko huko ugenini, akiiangalia Norwei kwa mbali kama mtu anayechungulia nyumba yao dirishani. Huko Roma kwenye meza yake alikuwa na nge kwenye glasi, akimwona kanywea anamtupia kipande cha tunda laini, nge anakivamia anamwaga sumu yote, halafu anachangamka tena. Ibsen alisema kuandika kwake kuko hivyo hivyo. Na mwaka 1869 alialikwa mpaka Misri kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, akaenda, kwa hiyo bara letu aliligusa kidogo japo upande wa juu.

Mtoto waliyemzaa ni mmoja tu, Sigurd, Desemba 1859. Huyu ndiye aliyepewa kila kitu ambacho Hans Jacob hakupata. Kasoma sheria, akachukua udaktari Roma akiwa na miaka 22, na mwaka 1903 mpaka 1905, siku za mwisho za muungano wa Norwei na Sweden, akawa waziri mkuu wa Norwei aliyekaa Stockholm. Mtoto mmoja fundi chuma, mwingine waziri mkuu, damu ile ile.

Sasa patamu ni hapa. Huyo Bjørnson aliyemchangishia pesa ndiye mwandishi wa shairi lililokuja kuwa wimbo wa taifa wa Norwei, ni godfaza wa Sigurd, na walikuja kununiana na Ibsen miaka kwa miaka kwa sababu mwaka 1869 Ibsen alitoa mchezo ambao Bjørnson alijiona yeye ndiye anachekwa. Hawaongei. Halafu Sigurd akamwoa Bergliot, binti wa Bjørnson, mwaka 1892! Wazee wawili waliokuwa hawasalimiani wakawa wakwe. Mjukuu wao Tancred Ibsen kaja kuwa mwongozaji filamu mkubwa wa Norwei, mkewe Lillebil mcheza dansi na mwigizaji aliyevuma, na upande wa mjukuu wa kike Irene, aliyeolewa Denmark kwenye ukoo wa Bille, wametoka waigizaji mpaka leo, Joen Bille na binti yake Beate. Nobel akapata Bjørnson mwaka 1903, Ibsen hakupata kabisa. Lakini nje ya Norwei leo mtu anayejua Bjørnson mpaka umtafute kwa tochi.

Wanorwei wanamchukuliaje? Siku alizorudi kukaa Christiania, kuanzia 1891, alikuwa anatembea kila siku saa zile zile mpaka Grand Café barabara ya Karl Johan, watu wanasimama kumwangalia kama gwaride. Mbele ya ukumbi wa taifa, Nationaltheatret, sanamu zao wawili zilisimamishwa wenyewe wakiwa hai, yeye na mkwewe, wamesimama hapo mpaka leo. Nyumba aliyofia mtaa wa Arbins ni makumbusho. Kaburi lake lina alama ya nyundo, inatokana na shairi lake la ujana kuhusu mchimba madini. Muswada wa huo mchezo wa Nora UNESCO waliuweka kwenye kumbukumbu za dunia mwaka 2001. Na kufa kwake kwenyewe kulikuwa kwa kiibsen, alipigwa kiharusi 1900 hakuandika tena, Mei 1906 yuko kitandani nesi anawaambia wageni leo mgonjwa ana nafuu, mzee akafungua mdomo akasema tvert imot, yaani kinyume kabisa, kesho yake akafa. Suzannah kamfuata 1914.

chizi wa zamu:

Nesi anasema ana nafuu yeye anambishia mpaka na afya yake mwenyewe 😂😂 huyu nimempenda

Msomaji wa Usiku:

Nawashukuru sana wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Mpiga Zeze hiyo ya wakwe imenimaliza. Ila bado roho yangu iko kwa Hans Jacob. Huyu mtu kaandika michezo ishirini na zaidi, hivi kweli hakuna mahali alipomtaja, hata kwa mafumbo?

Kabwela Mstaafu:

Kwa jina hakuna. Lakini mkuu hebu tembea nami. Ghosts, 1881, ule uliokataliwa na kumbi zote kubwa huko kwao mpaka ukaigizwa kwanza Chicago na wahamiaji, ndani yake kuna marehemu Kapteni Alving, mtu wa heshima, na kuna siri kwamba alizaa na mfanyakazi wa ndani, na binti mwenyewe anafanya kazi humo humo nyumbani hajui. The Wild Duck, 1884, tajiri Werle na Gina aliyekuwa mfanyakazi wake, na mtoto anayeitwa Hedvig (jina la dada yake!) ambaye hajulikani ni wa nani. Peer Gynt, 1867, kijana yuko njiani kwenda kwenye maisha mapya na msichana anayempenda, anamtokea mwanamke ameshika mtoto mbaya wa sura anamwambia huyu wako. Mara ngapi hiyo? Mtu asiye na jambo moyoni hawezi kurudia kitu kile kile hivyo. Sisemi ni toba. Inawezekana alikuwa anachimba tu alipojua pana kitu, kama yule nge.

Na umesoma huo wa Nora wiki hii lakini kuna mtu umempita. Fungua tena sehemu ya pili, mwanzoni, Nora anaongea na yaya.

Mama Kurasa:

Mzee Kabwela umenisisimua mwili. Nimefundisha huo mchezo miaka mitatu na wanafunzi wote wanamruka yule yaya, wanamwona wa kubeba nguo tu.

Msomaji wa Usiku:

Nimefungua sasa hivi. Anne-Marie. Nora anamuuliza uliwezaje kumwacha mtoto wako kwa watu usiowajua, na yeye anasema ilibidi ili aje kumnyonyesha Nora, msichana maskini aliyeingia kwenye matatizo angefanya nini, na yule mwanamume hakumsaidia kitu. Nora anasema basi binti yako atakuwa amekusahau. Yaya anasema hapana, aliniandikia alipopata kipaimara, na alipoolewa. Mara mbili.

Nilisoma ukurasa huu Jumatatu nikaupita.